Miadi ya Mawifi Wawili

Dada yangu mkubwa alikuwa dobi. Hakuwa na mashine hizi zinazozunguka zenyewe huku mwenye nazo anakunywa chai. Alifua kwa mikono, uani, kwenye makarai aliyoyapanga ukutani: la kwanza la sabuni, la pili la kusuuza, la mwisho la maji yenye bluu, ile ya unga inayofungwa kwenye kitambaa na kukorogwa kidogo tu ili nguo nyeupe iwe nyeupe kweli, isibaki na ule umanjano wa uzee. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, nzito, na kabla ya kuigusisha nguo aliisogeza karibu na shavu lake ili asikie joto. Mimi niliogopa kumtazama akifanya hivyo. Hakuungua hata mara moja.

Nilihamia kwake alipofiwa na mumewe. Watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa, wangu vilevile, na mimi mume nilishamzika zamani. Tukawa wajane wawili na uwanja wa kamba. Kazi yangu ilikuwa kusuuza na kushika upande wa pili wa shuka wakati wa kukamua. Yeye anasokota kulia, mimi nasokota kushoto, mpaka shuka linakuwa gumu kama mkono wa mtu.

Wateja wetu walikuwa mwenye nyumba ya wageni pale kona, nyumba ya wagonjwa iliyoko ng'ambo ya mji, na kwaya ya kanisani kwetu. Majoho ya kwaya ndiyo yaliyokuwa roho yake. Jumapili, waimbaji wakisimama mbele, wengine walisikiliza wimbo. Dada yangu alitazama kola.

Na alipenda mbingu. Kuna watu wanaoogopa kusikia habari za huko, wanaona kama wanaitwa kabla ya zamu yao. Yeye la. Mgongo ukimbana alisema, "Huko hakuna mgongo." Mvua ikimnyeshea nguo kambani alisema, "Huko hakuna wingu la hasira." Siku moja Mchungaji alihubiri juu ya umati usiohesabika uliovaa nyeupe, mahubiri mazuri kabisa, watu wamenyamaza, dada akaniinamia sikioni.

"Umesikia? Umati mzima! Mbona nahofia watanipa kazi."

Niliuma leso nisicheke. Mchungaji akaniona, akadhani nalia, akaongeza sauti.

Lakini tumaini lake halikuwa la mzaha. Ndilo lililomwamsha. Alirudisha kila kifungo kilichoanguka, hakumwibia mteja hata kipande cha sabuni, alifulia wagonjwa masikini bila kudai, na ukimuuliza kwa nini anajitesa, anakwambia, "Naelekea mahali. Siwezi kufika huko na mikono michafu." Alisema hivyo kama mtu mwenye tiketi mfukoni.

Sasa, kulikuwa na jambo moja. Katika mbingu ya dada yangu palikuwa na nafasi kwa watu wote, hata mlevi wa pale kilabuni aliyemtapikia mlangoni, maana yule, alisema, Mungu anamjua. Nafasi ya wifi yake haikuwemo.

Wifi yake alikuwa dada wa marehemu mumewe. Mtaa ulimwita Kelele, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa mwanamke wa kupiga vigelegele na wa kupiga watu, wa kucheka ukasikika nyumba ya nne, wa kuomba chumvi kwa jirani na kumtukana kwa kumpa kidogo. Kanisani alikuja siku za harusi. Mawifi hao wawili walitaniana kama mawifi wote.

"Kaka yangu umemkondesha wewe, unamfua pamoja na mashati!"

"Nyinyi ndio mlinipa mifupa, wifi. Nyama mlibaki nayo kwenu."

Shemeji akaugua figo. Nyumba ya Kelele ilikuwa karibu na hospitali, wakaona alazwe nyumbani kwake ili asibebwe mbali kila mara. Wakamuuguza wote wawili, kwa zamu, bila kugombana, jambo lililotushangaza. Mchana mmoja Kelele akamwambia dada, "Wifi, mashuka safi yamekwisha. Nenda kalete mengine, mimi nakaa naye."

Dada akaenda. Mashuka yalikuwa kambani, hayajakauka vizuri pindoni, na yeye hakuwa mtu wa kumtandikia mgonjwa unyevu. Akawasha mkaa, akayapiga pasi, akayakunja, akarudi nayo yamelala kwenye mkono. Alipoingia chumbani akakuta mumewe ameshafungwa kidevu kwa kitambaa. Kelele amekaa pembeni, kwa mara ya kwanza maishani mwake hana sauti. Na mashuka, aliniambia dada baadaye, yalikuwa bado yana joto la pasi.

Hakupiga kelele. Hakumuuliza wifi yake kitu. Alimtandikia mumewe yale mashuka, akazika, akapokea pole. Ila moyoni alishafunga hesabu: yule mwanamke aliona kaka yake anaondoka, akamwondoa mke makusudi.

Baada ya matanga Kelele akamtuma Fundi Saa. Huyu alikuwa mzee mpole wa kutengeneza saa, mwenye meza yake ndogo ya vioo sokoni, aliyeheshimiwa na pande zote mbili. Kazi yake ilimfundisha kutoongeza na kutopunguza, na watu walimpenda kumtuma kwa sababu hiyo. Alitukuta tunakamua shuka.

"Mama," akasema, "wifi yako amenituma. Anasema anaomba umsamehe. Anasema hana la kujitetea."

Dada hakuacha kukamua. Maji yalitoka mpaka nikahisi shuka linataka kukatika.

"Mwambie tutaonana mbinguni."

Anayesema lugha yetu anajua neno hilo linavyosemwa. Likisemwa kitandani kwa mgonjwa ni faraja. Likisemwa pua juu, midomo imebanwa, kama alivyolisema dada, ni mlango umegongwa usoni: hapa duniani nisione hata wayo wako. Fundi Saa akaitikia kwa kichwa, akaenda. Kesho yake akapita.

"Amesema amesikia," akatuambia.

"Vizuri," akasema dada.

Kelele hakuja tena. Akahama hata ile nyumba, akaenda kuishi ng'ambo ya mji. Miaka ikapita, mingi, na kila tulipomtaja, dada alisema, "Umeona? Ujumbe ulifika."

Siku nyingine nilimchokoza. "Dada, huko mbinguni wifi yako atakaa upande gani?"

"Huko ni kukubwa," akanijibu, akashika jambo lingine.

Mashuka ya nyumba ya wagonjwa yaliletwa siku zote na dereva mmoja asiyependa maneno. Anatupa furushi, anachukua furushi, huyo. Kisha dereva akastaafu, akaanza kuja muuguzi kijana, msichana mwenye mdomo mwepesi na moyo mweupe. Yeye alikaa, akaomba maji, akatupa habari za wagonjwa wote.

"Haya ya chumba cha wanawake mtayaona si machafu sana," akasema siku moja. Dada alikuwa ameinama kwenye karai la mwisho, anakoroga bluu. Pembeni majoho ya kwaya yanangoja kutumbukizwa. "Mama Miadi huyapangusa kwanza kabla sijayafunga."

"Mama Miadi ni mgonjwa?" nikamuuliza.

"Ah, siyo! Anakuja tu mwenyewe, hatumlipi. Anaogesha wagonjwa, anawageuza, anawasugua migongo. Wengine wanamtukana, si unajua mtu akiwa na maumivu. Bibi mmoja wa kitanda cha dirishani alimmwagia chai kifuani. Mama Miadi akajipangusa, akasema, 'Bibi, ningekuwa yule wa zamani ungeisikia habari yako mpaka sokoni. Lakini nina miadi, na siwezi kuikosa kwa ajili ya chai.'"

"Miadi na nani?"

"Na wifi yake!" Muuguzi akacheka kwa furaha, kama anayesimulia harusi. "Ni hadithi nzuri jamani. Aliwahi kumkosea wifi yake vibaya sana, kwenye kifo cha kaka yake. Akatuma kuomba radhi. Alijua atatukanwa. Wifi akamjibu neno moja tu: tutaonana mbinguni. Anasema alilia siku nzima. Yaani mtu niliyemkosea hivyo ananihesabu mimi, mimi mwenye mdomo huu, kwamba nitafika huko! Amenipa miadi. Basi ndiyo akaanza kanisa, akaacha matusi, akaacha chupa. Anasema hawezi kumwacha wifi amngoje mlangoni peke yake halafu yeye asitokee."

Nilimtazama dada. Mkono wake ulikuwa unakoroga, unakoroga, na kile kitambaa cha bluu kimeshafunguka chote ndani ya karai.  Muuguzi akamaliza maji yake, akashukuru, akaenda. Dada akachukua majoho, akayatumbukiza.

Jumapili ile kwaya iliimba imevaa rangi ya anga. Hatukuwa na muda wa kuyafua upya, na nyeupe nyingine haikuwepo. Mwalimu wa kwaya, mwanamume wa utani, alitufuata baada ya ibada.

"Mama Dobi, umetupandisha mbinguni kabla ya saa? Mimi bado nina watoto wa kusomesha!"

Watu walivunjika mbavu. Dada alitabasamu kwa meno tu.  Tulipofika nyumbani akavua viatu, akakaa kitandani, akasema:

"Mimi nilimtukana."

"Ndiyo."

"Nilimtukana, na yeye amejenga nyumba juu ya tusi langu. Amehamia. Anaishi humo."

"Si imekuwa heri?" nikamwambia. "Ametengemaa. Mwache."

"Nimwache na uongo?"

"Hukudanganya, dada. Ulisema neno, akalisikia vizuri kuliko ulivyolisema."

Akanitazama kama niliyeacha sabuni kwenye nguo. Tukaanza mabishano yaliyoendelea majuma kwa majuma, kwenye makarai, kambani, mezani. Mimi nasema kunyamaza ni wema. Yeye anasema si wema, ni uvivu. Nikimwambia basi msamehe tu kimoyomoyo, mambo yaishe, ananijibu kwa ukali kwamba kama ingekuwa rahisi hivyo angeshafanya asubuhi kabla ya chai. Na kweli hakuwa amemsamehe. Hilo ndilo lililomtesa. Mwenzake anakwenda mbinguni kwa nguvu ya msamaha ambao yeye hajautoa.

Nilimwona akianza kupungua. Ule utani wa "huko hakuna mgongo" ukakoma. Siku moja aliacha kupiga pasi, akaniuliza, "Mdogo wangu, hivi ukifika huko, ukamkuta mtu amekungoja mlangoni kwa furaha, na wewe unajua kwamba hukumwita, unamtazama vipi usoni?"

 Mimi mambo kama hayo huwa nayaacha kwa Mchungaji.

Ndipo Fundi Saa akaja. Alikuwa amezeeka, anatembea taratibu, kile kioo chake cha kukuzia kimepandishwa kwenye paji la uso kama jicho la tatu, amesahau kukivua. Nikampa kiti.

"Mama," akamwambia dada, "wifi yako amelazwa. Homa ya mapafu. Amelazwa pale pale anapohudumia wagonjwa. Amenituma. Anasema: natangulia. Nitakungoja mlangoni. Na usisumbuke kuja kuniona, ya huku yalikwisha, tulipatana ni kule."

Dada alikaa chini, juu ya furushi la nguo chafu.

"Fundi," akasema, "siku ile, miaka ile, ulimwambiaje?"

"Vilevile ulivyoniambia. Tutaonana mbinguni. Sikuongeza, sikupunguza."

"Na sauti?"

"Sauti gani?"

"Sauti niliyosemea, Fundi! Hukuisikia?"

Mzee akafikiri kwa uaminifu mkubwa.

"Niliisikia, mama. Lakini neno ndilo nililopewa nibebe. Sauti ningeibebea wapi?"

Nilitaka kucheka, nikataka kulia. Dada akainuka, akavua aproni, akanawa mikono mpaka viwikoni kama mtu anayetoka kuchinja.

"Vaa viatu," akaniambia. "Tunakwenda."

"Kumwambia nini?"

"Ukweli."

"Dada! Mtu anakufa!"

"Ndiyo maana." Alikuwa anajifunga kitambaa kichwani. "Huko anakokwenda hakuna kufichana. Atajua. Afadhali ajue kwangu, kwa mdomo wangu, kuliko akafike ajulishwe na wengine."

Chumba cha wanawake kilikuwa kirefu, vitanda upande mmoja, dirisha kubwa mwishoni, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Niliyatambua mashuka yetu yote. Kelele alikuwa kitanda cha pili kutoka mwisho, mwembamba, mito miwili mgongoni, anapumua kama mlango unaohitaji mafuta. Dirishani kando yake alilala bibi mzee sana, macho wazi, mikono juu ya shuka. Nikajua ndiye yule wa chai.

Kelele akatuona. Uso ukamng'aa, kisha ukaingia hofu.

"Wifi? Nilisema usisumbuke. Kwani na wewe unaumwa?"

"Siumwi." Dada hakukaa. "Wifi, nimekuja kukwambia kitu, na usinikatize, maana nikikatizwa nitarudi nyumbani. Lile neno nililokutumia. Sikulisema ulivyolisikia. Nililisema kwa hasira. Nilimaanisha nisikuone tena. Nilikuwa nakufukuza."

 Mgonjwa aliyekuwa anakohoa kule mlangoni akajizuia.

Kelele alitazama dari. Machozi yalimtoka upande mmoja tu.

"Kwa hiyo hukunisamehe."

"Hapana."

"Miaka yote hii."

"Miaka yote hii, wifi."

"Na mimi nikaenda nikijisifu. Nimewaambia watu wote humu. Nimeacha kila kitu. Nimeosha watu..." Pumzi ikamwishia, akangoja irudi. "Basi nimeosha bure?"

"Bure?" Ni yule bibi wa dirishani. Sauti yake ilikuwa kavu kama karatasi, na ya ugomvi. "Mgongo wangu ni bure? Nilikuwa na vidonda vya kulalia vya kutoa harufu, wanangu wenyewe walisimama mlangoni. Nani alivisafisha, malaika? Mambo ya miadi yenu mtajua wenyewe. Mimi nimeoshwa."

Akageukia dirisha, amemaliza.

Hapo nikamwona Kelele akicheka, kicheko kidogo kilichogeuka kikohozi, na dada bila kufikiri akamshika mabega akamwinamisha mbele ili apumue. Alipotulia, dada akabaki amemshika. Hakujua mikono aipeleke wapi.

"Na mimi nina ukweli wangu," akasema Kelele kwa chini. "Nilijua, wifi. Niliona kucha zake zimebadilika rangi. Nilijua hana saa nyingi. Nikakutuma mashuka."

"Nilijua ulijua."

"Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako. Nilikulia mgongoni kwake. Nilitaka niwe naye peke yangu mara moja tu, kama zamani. Nikasema utarudi kabla. Sikujua utapiga pasi."

Dada akafumba macho.  Nikaogopa ataondoka. Badala yake akatazama kile kitanda. Shuka la chini lilikuwa limejikusanya chini ya mgonjwa, limefanya matuta, na mtu wa kazi ile hawezi kuvumilia kitu kama hicho. Akavuta pindo, akalinyoosha upande wake, akazunguka, akalinyoosha upande wa pili, akalikunja kwenye pembe, akapitisha kiganja mpaka likawa bapa. Alifanya polepole mno. Mimi niliyekuwa naye uani miaka yote nilijua kuwa hanyooshi shuka. Anagombana na kitu.

Kelele akamfuata kwa macho. Mwisho akauliza, kama mtoto:

"Sasa ile miadi ipo, au haipo?"

Dada akakaa kitandani.

"Ile ya Fundi Saa haipo," akasema. "Ile naifuta. Nilikukosea, na wewe ulinikosea, na mimi nimechoka kubeba kinyongo. Nimekusamehe. Nimetoka nyumbani sijakusamehe, wifi, nisikudanganye, nilikuwa hata nimekasirikia njia. Lakini nimekusamehe hapa, sasa hivi, kwenye hii pembe ya shuka. Kwa hiyo nakupa miadi mpya, kwa mdomo wangu na kwa sauti yangu, bila tarishi. Nenda. Nitakukuta."

Wakashikana. Sikutazama zaidi. Nilimwendea yule bibi wa dirishani, nikajifanya namwekea mto vizuri, akaniambia nimwache.

Ingekuwa ni hadithi ya kutungwa kwa ajili ya mahubiri, Kelele angekufa usiku ule akitabasamu. Hakufa. Siku ya pili alikunywa supu. Juma lililofuata tulimkuta amekaa, anamfundisha muuguzi namna ya kusuka nywele. Homa ilimtoka mapafuni kama mpangaji aliyefukuzwa, na daktari akasema anaweza kuondoka, ila asiishi peke yake, maana bado hana nguvu.

Dada akamvuta muuguzi pembeni.

"Wewe binti, si mlisema anakufa?"

"Sisi hatukusema, mama. Alisema yeye mwenyewe."

Tukaja naye nyumbani. Pangekuwepo pengine angepelekwa, lakini hapakuwepo, na dada hakutaka kusikia habari ya kutafuta. Tukampa chumba cha mbele kwa sababu kina dirisha.

Nikwambie ukweli, ilikuwa kazi. Ameacha matusi, sikatai, na chupa hakuigusa. Ila kelele Mungu alimwachia. Aliamka kabla ya jogoo, akaimba. Alihamisha vibanio vya nguo akavitia kwenye sufuria kwa sababu ni karibu zaidi. Alisalimia wapita njia juu ya ukuta mpaka wakasimama, wakasimuliwa habari zetu zote. Dada alikuwa mtu wa ukimya. Siku za kwanza alivumilia kwa uso wa mgeni, baadaye uso ukachoka.

"Mimi nilimsamehe mtu wa kufa," alininong'oneza tukiwa kambani, vibanio mdomoni. "Msamaha niliukata kwa kipimo cha siku mbili. Sasa amenenepa, unambana huku na huku."

"Utamwambia ahame?"

"Ahamie wapi?" Akachomoa kibanio, akakibana kwenye pindo kwa nguvu. "Huko tuendako nitakaa naye bila mwisho. Nikishindwa kukaa naye hapa kwenye vyumba vitatu, huko nitaanzia wapi? Nilidhani mbinguni ni kupumzika tu. Kumbe na majirani wapo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa analifikiria jambo lenyewe, na tangu siku ile nilimwona analifanyia kazi kama alivyofanyia kazi madoa: haliachi, na halisugui kwa hasira mpaka nguo itoboke. Wifi akiimba alfajiri, dada alijifunika shuka kichwani, kisha siku moja nikamsikia humo ndani ya shuka anaitikia kiitikio. Vibanio alivizoea kwenye sufuria. Mengine hayakuzoeleka, wakagombana, wakanuniana mpaka jioni, wakasalimiana kwa shida.

Kelele alitaka naye asaidie, na kwa kuwa kusimama muda mrefu hakuweza, akapewa kukunja foronya za nyumba ya wageni. Dada alikuwa na mkunjo wake: mara tatu kwa urefu, mara moja kwa upana, mshono ndani. Kelele alikunja upande upande, mshono nje, masikio yametokeza, kila moja na umbo lake. Dada hakumwambia neno. Alingoja mwenzake alale mchana, akazifungua zote, akazikunja upya, akazirudisha palepale. Kelele akiamka alizitazama kwa fahari. "Nimeanza kuiva, wifi," akasema. "Tazama zilivyonyooka."

Ikaendelea hivyo. Mimi nilinyamaza, ingawa nilishafundishwa kuhusu kunyamaza kwangu.

Kisha mchana mmoja mwenye nyumba ya wageni alikuja kuchukua nguo zake mapema, ana wageni wanaingia. Kelele alikuwa amejilaza. Zile foronya zilikuwa mezani, rundo zima, zimesimama kama kuku walionyeshewa. Dada akamwambia mteja asubiri kidogo. Akaenda mezani, akaichukua ya juu, akaifungua, akaanza: mara ya kwanza kwa urefu, mara ya pili. Mkono ukasimama. Akatazama mlango wa chumba cha mbele, alikotoka mkoromo usio wa kawaida kwa ukubwa. Akaikunjua ile foronya. Akaikunja tena upande upande, mshono nje, kama ilivyokuwa, na ilimchukua muda, maana mikono yake haikujua kukosea. Akairudisha juu ya rundo, akafunga furushi, akampelekea mteja.

Mteja akachungulia pindoni.

"Mama Dobi, leo zimekunjwa namna nyingine."

"Ndiyo," akasema dada yangu. "Hizo amekunja wifi yangu."